Mdogo wangu, mke wa Mheshimiwa

Mdogo wangu,

Simu hupokei, ujumbe unausoma na kuunyamazia. Basi nakuandikia hapa. Wengine nao watasoma, wasome tu.

Picha yako ya Jumapili nimeiona. Kitenge kimekupendeza, sikatai, na umekaa kama mama, mkono shavuni. Machozi yalinitoka. Halafu nikasoma ulichoandika chini yake, habari za kumtumikia mwananchi bega kwa bega na Mheshimiwa, yakakauka.

Unakumbuka mama alivyokuwa akimtaja Maria Nyerere, utadhani wamechota maji kisima kimoja? "Mke wa Rais" hakusema hata siku moja. Kwake alikuwa "binti Magige." Wala hakumsifia Ikulu, alimsifia duka. Mwalimu ameacha kazi Pugu mwaka 1955 kwa ajili ya TANU, mshahara hakuna, na Maria, naye mwalimu wa kusomea, yuko dukani anauza mafuta ya taa ili nyumbani wale. Hayo tumelishwa pamoja na ugali.

Ya kuku ndiyo iliyomkera. Binti Magige alifuga kuku wa biashara, Azimio la Arusha likaja 1967, na miiko ya uongozi, iliyomkataza kiongozi mambo ya kibepari, ikamhesabu kiongozi pamoja na mkewe. Akaachana na kuku. Mama hapo alikuwa anasonya: "Siasa za mume, kuku wa mke, vinahusianaje?" Oktoba 1999 alitupeleka Butiama mazikoni kwa Mwalimu, wewe mgongoni kwangu umelala, yeye ananyoosha shingo amwone Maria. Jeneza hakulitazama sana.

Sasa tuje msibani kwa mama mwenyewe. Wanawake wote mkekani, wewe ukaletewa kiti, na binti wa kukushikia mkoba. Nikanyamaza. Nikakuita nyuma ya jiko, nikakueleza habari ya mwanangu, amemaliza chuo huu mwaka wa pili anazunguka na vyeti kwenye mfuko wa nailoni. Shemeji apige simu moja tu. Nawe, mbele ya mawifi wanaomenya ndizi, hukushusha hata sauti:

"Dada, Mama Maria angepiga hiyo simu?"

Visu vilisimama. Mimi nilikuwa na ganda la ndizi mkononi, nimelishika mpaka utomvu ukanikaukia vidoleni. Siku mbili haukutoka.

Sikuomba wizi. Ada yako ya kidato cha tano ilitoka wapi? Cherehani yangu ilikwenda wapi? Sikudai risiti. Tena mtoto anafaulu, hajabebwa na mtu, simu ingemfungulia mlango tu, aingie kwa miguu yake. Kila mtu anafanya hivyo. Najua unachotaka kujibu. Na ungelisema ukiwa umekaa mkekani na sisi, pengine ningelimeza. Lakini kutoka kwenye kile kiti, hapana.

Punguza chumvi, presha ni ya ukoo.

Kuku wa mama wako kwangu. Yule mwekundu ametotoa vifaranga tisa, kipanga kabeba kimoja. Wanne ni wako. Njoo uwachukue mwenyewe, usimtume dereva.

Dada yako