Wasanifu majengo walikumbuke jua letu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wasanifu majengo wetu. Beda Amuli, alipolisanifu Soko la Kariakoo lililojengwa kati ya 1971 na 1974, aliliezeka kwa miavuli mikubwa ya zege inayokinga jua na mvua huku hewa ikipita chini yake, na hiyo ndiyo ari ya ufundi ninayoiheshimu. Ofisi ninamofanyia kazi imezungushiwa vioo. Ifikapo saa tisa alasiri tunafunga mapazia na kuwasha taa ilhali jua linawaka, na umeme ukikatika tunatoka nje kupunga upepo. Najua mwenye fedha ndiye huamua mengi, lakini kumweleza kwamba vioo vyake vinatazama magharibi ni kazi ya msanifu, si ya fundi wala ya mpangaji.

Msomaji wako,
Dar es Salaam