Bible study ya Alhamisi: muda umebadilika

Bwana asifiwe wapendwa, habari za tangu Jumapili. Alhamisi tunaanza saa 11 na nusu jioni badala ya saa 12 coz kwaya wanautaka ukumbi saa 1, kwahiyo tunakaa kule darasa la Sunday school nyuma ya kanisa.

Somo ni kusoma mstari na majirani zake, tunaanza na Yeremia 29:11 ile ya "nayajua mawazo ninayowawazia", wengi tumeiweka status na kwenye kadi za harusi lakini ile ni barua jamani, Yeremia aliwaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli, na mstari wa 10 tu hapo juu yake unasema miaka 70! Wakati sura ya 28 Hanania, yule nabii wa uongo, alishawaambia miaka miwili tu mambo yataisha. Mungu anawaambia jengeni nyumba, pandeni bustani, ozesheni watoto, uombeeni mji huo huo mliopelekwa. Mimi naona ahadi inakuwa tamu zaidi ukijua waliambiwa wasubiri kiasi gani.

Naomba:
1. Someni Yeremia 28 na 29 zote, msiruke
2. Njoo na Biblia ya karatasi ukiweza, kwenye simu tunaishia kuona kamstari kamoja
3. Chai na maandazi 2,000 kila mtu, tuma kwa mhazini kabla ya Jumatano jioni
4. Vijana wawili wawahi kupanga viti

Andika NIPO au SIPO hapa hapa leo, na wa viti mjitaje plz 🙏