Mvinyo mkavu haujachacha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niwatetee wakulima wa zabibu wa Dodoma. Mteja huonja mvinyo mkavu, yaani ule ambao karibu sukari yote ya zabibu imegeuka kileo, akakunja uso na kumwambia mhudumu, "Huu umechacha." Mara nyingi haujachacha. Ni mchachu, na hayo ni mambo mawili. Uliochacha hunuka siki. Mchachu hujaza mate kinywani kama embe bichi, na bila uchachu huo mvinyo hupooza.

Kazi kubwa ya sukari ni kuficha. Mvinyo wenye gramu 60 za sukari kwa lita hubeba gramu 45 katika chupa ya mililita 750, takriban vijiko 10 vya chai. Mkavu kwa kawaida hauzidi gramu 4 kwa lita, hivyo hauna pa kujificha: uchachu, harufu, hata ule ukakasi unaokausha fizi, vyote vinaonekana. Ukakasi hutoka kwenye maganda na mbegu, na mwekundu hutengenezwa pamoja navyo, ndiyo maana unao kuliko mweupe. Aliyekula bibo anaujua. Na anayekunywa kahawa chungu kwa kashata ameshajifunza nusu ya somo hili.

Kinachowaharibia wengi ni joto. Husemwa mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba, lakini chumba kinachokusudiwa ni cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Dar es Salaam mwezi Februari kina nyuzi 30, na hapo kileo huchoma pua, matunda yasisikike. Utieni kwenye friji kwa muda kabla ya kunywa. Ukilala humo usiku kucha nao hukosea njia: harufu hufungwa, ukakasi huzidi. Utolewe mapema kabla ya kunywa.

Anayetoka kwenye utamu asirukie mwekundu mzito. Aanze na mvinyo mweupe mkavu wa Chenin Blanc kwa wiki kadhaa, afuatishe mwekundu wa Makutupora, kisha mwekundu wa Syrah. Zote ni aina za zabibu zinazolimwa Dodoma. Glasi ijazwe theluthi tu ili uweze kuizungusha bila kumwagia watu. Nusa kwanza. Piga funda dogo, likae mdomoni sekunde tano, umeze. Mate yakitiririka, huo ni uchachu; fizi zikikauka, huo ni ukakasi. Sasa tafuna nyama choma yenye mafuta na chumvi kidogo, urudie funda. Ukakasi utakuwa umelainika, kwa kuwa umeshikana na protini ya nyama badala ya ile ya mate yako.

Usijaribu haya baada ya soda au keki, maana ulimi uliozoeshwa sukari utauona mvinyo mkavu kama maji ya ndimu. Samaki wa nazi anakwenda vizuri na Chenin Blanc. Pilipili kali hapana: kileo na ukakasi huichochea, na hapo mvinyo mtamu kiasi ndio wenye haki (siudharau hata kidogo).

Wenye baa nao wanisikie. Chupa iliyofunguliwa izibwe na kurudishwa kwenye friji, hata ya mwekundu, isiachwe rafuni ikipigwa jua. Baada ya siku 3 hadi 5 hewa huwa imeishinda. Mteja akisema huo umechacha, msimbishie.

Mpenzi wa zabibu,
Dodoma