Kibebeo cha mtoto ambacho shangazi yako akuletee kutoka Bruxelles

Bukavu, Kadutu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Ujumbe wako na zile picha za vibebeo nilizipata, na shangazi yako wa Bruxelles naye amenipigia kuuliza akununulie kipi cha kumbebea mtoto utakayemzaa, kabla hajapanda ndege. Nimeona heri nikuandikie, maana simu inatukatikia kila mara na jambo hili halimaliziki kwa dakika mbili. Nimezalisha wanawake wengi kabla ya kustaafu, na baada ya kuzalisha nilikuwa nawaona wakirudi kupima watoto uzito, kila mmoja amembeba wake kwa namna yake. Kwa hiyo ninayokuambia nimeyaona.

Jibu langu ni hili: akuletee kile cha mikanda, chenye kikalio kipana, pale mtoto anapokalia, kinachoweza kupunguzwa na kuongezwa. Kitambaa kirefu asinunue. Kile cha pete, kitambaa kinachokazwa kwa pete begani, asinunue. Na ile picha ya kwanza, ule mfuko ambao mtoto analazwa ndani akiwa amejikunja, usiukubali hata ukipewa bure.

Nianze na huo mfuko, kwa sababu ndio unaonitia hofu. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito na shingo yake bado haina nguvu. Ukimlaza akajikunja, kidevu kinashuka mpaka kifuani, na njia ya hewa, ambayo kwake ni nyembamba sana, inajipinda. Hatalia. Hana pumzi ya kulia. Wewe utadhani amelala usingizi mzuri. Hatari ya pili ni kitambaa chenyewe, au titi lako, kumziba pua wakati bado hawezi kugeuza kichwa. Mwezi wa Machi 2010 tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa iliwaonya wazazi juu ya jambo hili hili: ilikuwa inachunguza vifo 14 vya miaka 20 vilivyohusiana na vitambaa na mifuko ya kubebea, na 12 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miezi minne. Miezi minne, mwanangu. Ndiyo miezi ambayo kila mtu anakuambia mtoto bado ni mwepesi, hana taabu.

Basi kwa chochote utakachotumia, angalia haya. Uso wake uuone bila kufunua kitambaa. Kati ya kidevu na kifua chake vidole vyako viwili vipite. Awe juu kiasi kwamba ukiinamisha kichwa kidogo unambusu utosini. Awe amebanwa nawe vizuri, ukiinama asiachane na mwili wako, na mgongo wake ushikwe usije ukaporomoka. Ukimnyonyesha akiwa ndani ya kitambaa, akimaliza mpandishe tena mahali pake na ukaze upya. Hapo ndipo akina mama wengi wanaposahau, kwa kuwa mtoto ameshiba na amenyamaza.

Jambo la pili ni nyonga. Mtoto anapobebwa miguu iachane, mapaja yashikwe kutoka goti moja mpaka jingine, na magoti yawe juu kuliko makalio. Mfupa wa paja unakaa vizuri katika tundu lake na tundu lenyewe linakomaa sawasawa. Japani zamani walikuwa wakiwafunga watoto miguu ikiwa imenyooshwa, na ugonjwa wa nyonga kutoka mahali pake ulikuwa mwingi. Mwaka 1975 walianza kuwafundisha wazazi kuiacha miguu ya mtoto ijikunje huru, na ugonjwa ukapungua sana. Ndiyo sababu nasisitiza kikalio kipana. Vile vyembamba, ambavyo vinamshika mtoto katikati ya miguu tu, akaning'inia na nyayo zinabembea chini, havimpi hicho mtoto.

Sasa kikwembe, kitenge chetu cha kubebea mgongoni. Najua wewe ulizaliwa ukikijua, lakini kubebwa ni kitu kimoja na kubeba ni kingine, na huko Lubumbashi hutakuwa nami nyuma yako. Jifunze ukiwa umekaa ukingoni mwa kitanda, bwana yako akiwa karibu. Chukua kikwembe cha zamani kilichofuliwa mara nyingi. Kipya kina ukakamavu wa kiwandani, fundo linateleza. Na kiwe pamba, hivi vinavyong'aa vya nailoni waachie wengine. Inama mpaka mgongo ulale. Mtoto alale kifudifudi juu yake, kichwa kati ya mabega yako, miguu ikikumbatia kiuno, na mkono wako mmoja usiondoke kwenye makalio yake hata kidogo. Tandaza kikwembe juu yake, ukingo wa juu ufike chini ya shingo yake, ukingo wa chini upite nyuma ya magoti. Vuta pembe za juu zije mbele chini ya kwapa zako, kaza, funga juu ya matiti.

Wengi wanaishia hapo, na ndipo mtoto anashuka kidogo kidogo mpaka anakaa kwenye makalio ya mama yake. Endelea. Peleka mkono nyuma, shika ukingo wa chini, uingize chini ya makalio yake, kati yake na wewe, mpaka uone magoti yamepanda. Kisha vuta pembe za chini nazo zije mbele, ufunge fundo la pili kiunoni. Simama polepole. Jitikise. Kama ameshuka, fungua uanze tena, usijidanganye kwamba atakaa.

Ukiona matiti yanauma au yana uvimbe mgumu, fundo linayabana na maziwa hayatoki vizuri. Badilisha: pembe moja ipite juu ya bega, nyingine chini ya kwapa, na kesho utumie bega lingine.

Ila mgongoni asiende kabla shingo haijakaza, na hiyo ni miezi mitatu, minne. Mama mkwe wako atakuambia wao waliwabeba watoto mgongoni tangu kitovu kilipoanguka, na ni kweli, hata hapa Kadutu wapo wanaofanya hivyo. Mjibu kwa heshima, lakini usikubali. Mgongoni uso wa mtoto huuoni, na wakati shingo yake bado ni laini uso ndio unaopaswa kuuona. Abaki kifuani, wima, tumbo lake kwa lako.

Na kwa kifuani, kwa wiki za kwanza, kitambaa kirefu ndicho kizuri kuliko vyote. Ndicho kile cha picha ya pili. Kinamshika mtoto mdogo kila upande, hakuna nafasi inayobaki wazi. Mbona basi nimesema shangazi asikinunue? Kwa sababu unacho tayari. Vile vya kufumwa vinavyouzwa Ulaya vinakuwa na mita nne na nusu, mita tano. Pièce nzima ya kikwembe, zile yadi sita ambazo fundi hajazikata, ni mita tano na nusu! Ni pana mno, kwa hiyo mwambie fundi akate kwa urefu ibaki kama sentimita sabini, apinde ukingo. Pale soko la Kenya, hapo hapo Lubumbashi, utapata ya pamba nzuri kwa bei ambayo shangazi hawezi hata kulipia mzigo wa posta. Na usimwache akuletee ile inayovutika kama fulana. Utajifungua Septemba, na Oktoba ya Lubumbashi, kabla mvua haijaanza, unaijua. Tabaka tatu za kitambaa kizito juu ya mtoto na mwili wako chini yake, atachemka. Huku kwetu juu ya ziwa ingefaa, tunavaa sweta jioni. Kila tabaka la kitambaa lihesabu kuwa nguo: akiwa ndani ya kitambaa, mvalishe kidogo, na ugusie nyuma ya shingo yake kuona kama kumelowa jasho.

Cha pete sitakuchosha nacho. Ni kizuri kwa mtoto mkubwa anayetaka kupanda na kushuka kila saa, lakini uzito wote unakaa bega moja, na kukikaza vizuri kwa kichanga kunataka mazoezi ambayo hutakuwa na muda nayo.

Tubaki na mikanda. Nimekuambia kiletwe, na sababu kubwa ni bwana yako. Ameniambia mwenyewe kwamba anataka kumbeba mtoto ila haoni jinsi ya kujifunga kikwembe akapita nacho barabarani Katuba. Basi asifunge kikwembe, abebe. Avae mikanda, afunge vifungo, atoke. Mtoto anahitaji kifua cha baba yake pia, na wewe utahitaji usingizi. Tena daktari amekwambia huenda ukapasuliwa. Ikiwa hivyo, ule mkanda wa kiunoni utakugusa kwenye kidonda, usiuvae mpaka upone kabisa, na kwa wiki hizo yeye ndiye atakayebeba zaidi.

Mwambie shangazi atazame uzito ulioandikwa. Vingi vinaanza kilo 3.5, lakini baadhi vinataka kigodoro cha ndani kwa mtoto mchanga, na kigodoro kinauzwa mbali. Achague ambacho kikalio chake kinarekebishwa bila kigodoro. Kilichotumika hakina ubaya, Bruxelles watu wanaviuza karibu vipya kwa nusu ya bei. Ila avute kila mkanda kwa nguvu, atazame mishono inapokutana na kiuno, na vifungo vilie vinapofungwa. Na kama kinaruhusu mtoto kutazama mbele, hiyo muiache mpaka amefikisha miezi sita hivi, na akisinzia mgeuzeni mara moja.

Usije ukadhani mikanda ndiyo maendeleo na kikwembe ni umaskini. Najua wenzako kazini wanavyosema. Miaka ya 1960 muuguzi mmoja Mmarekani, Ann Moore, alifanya kazi Togo, akawaona akina mama wa kule na watoto wao mgongoni, wametulia. Alipojifungua kwao akajaribu kumfunga binti yake vile vile, mtoto akawa anateleza. Akamwomba mama yake mzazi amshonee kitu chenye mikanda, na mwaka 1969 wakapata hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi. Ndivyo vibebeo vya Marekani vilivyoanza kuenea. Ujerumani nako, mwaka 1972, mama wa mapacha aitwaye Erika Hoffmann alianza kuuza vitambaa virefu baada ya kuwabeba wanawe kwa shali ya Meksiko. Wazungu walikuja kujifunza kwa wanawake kama bibi yako. Wewe unanunua mikanda kwa sababu ina kazi yake nyumbani kwako, basi.

Watakuambia pia usimbebe sana, atazoea mikono. Hilo usilisikilize. Mwaka 1986 watafiti wa Montreal, Hunziker na Barr, waliwaomba baadhi ya wazazi wawabebe watoto wao angalau saa tatu kwa siku, hata wakiwa hawalii. Walipofika wiki sita, watoto hao walilia na kusumbua kwa asilimia 43 chini ya wenzao, na jioni, saa zile mbaya, asilimia 51. Mbebe asubuhi ili jioni upumzike.

Na kama atazaliwa mdogo, chini ya kilo mbili na nusu, usiguse chochote kati ya hivi kabla hujaongea na wauguzi. Watakufundisha kumweka kifuani ngozi kwa ngozi, njia iliyoanzia Bogotá mwaka 1978 kwa daktari Edgar Rey, na ambayo tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linataka ianze mara tu baada ya kuzaliwa. Huyo atakaa kwenye kifua chako usiku na mchana, mpaka anenepe.

Kuna mahali pawili ambapo simtaki mjukuu wangu abebwe. Pa kwanza ni mbele ya mbabula, jiko la makaa. Maji ya moto na mafuta yanaruka, na mtoto wa kifuani ndiye anayeyapokea. Ukipika, ashikwe na mtu mwingine. Pa pili ni pikipiki. Hapa Bukavu naona kila siku mama amekaa nyuma ya dereva, mtoto mgongoni, wanashuka mteremko wa Nyamugo kwa mbio, na moyo wangu unasimama. Hakuna fundo wala mkanda unaomkinga mtoto mkianguka. Huko kwenu barabara ni tambarare, tembea kwa miguu, au subiri teksi hata ukichelewa.

Shangazi anafika kwenu Jumamosi ya wiki ijayo, kwa hiyo mjibu kabla ya Jumapili hii, umtumie picha ya kile cha mikanda na umwandikie hayo ya uzito na kikalio. Vikwembe vyangu viwili vya zamani nimeshavifua, nitampa mtoto wa jirani anayekuja chuo huko. Kile cha kijani ndicho kirefu, anza na hicho. Ukikwama kwenye fundo la pili nipigie kwa video, uweke simu nyuma yako nione.

Msalimie sana bwana yako.

Mama yako