Barua ya wazi kwa vijana wa wadi 15 za Tana River

Wanangu wa Tana River, kuanzia Madogo hadi Kipini,

Assalamu alaikum, na kwa waliolelewa kanisani, Bwana asifiwe. Mimi ni mzee wa Kipokomo, mkulima wa ndizi na maembe upande wa Garsen, lakini barua hii si ya Wapokomo peke yao. Nawaandikia pia vijana wa Kiorma na wa Kiwardei, Wamunyoyaya na Wamalakote wa kule juu, na kila aliyezaliwa akanywa maji ya mto huu. Tarehe 10 Agosti 2027 tutapiga kura. Kelele zimeanza mapema, na zile ninazoziogopa si za urais wala za ugavana. Ni za wadi.

Rais yuko mbali. Mwakilishi wadi unamjua mama yake, unajua ng'ombe wake wanateremka kunywa wapi. Akishinda mtu wa upande wa pili, unamwona kila siku akipita na gari mbele ya mlango wako kwa miaka mitano. Na kwa kuwa wadi ni ndogo, watu hukaa wakahesabu nyumba kwa nyumba nani alipiga kura wapi. Hesabu hizo zimevunja undugu mwingi kuliko matokeo yenyewe.

Wengi wenu mlikuwa watoto mwaka 2012. Mwezi Agosti mwaka ule, huko Riketa, waliuawa zaidi ya watu 50 katika shambulio moja, wengi wao wanawake na watoto. Zikafuata Chamwanamuma na Kilelengwani, na Desemba ikawa Kipao. Mwaka ukaisha waliokufa wakiwa wamepita 100, askari polisi wakiwemo. Ilisemwa ni ugomvi wa maji na malisho kati ya wakulima na wafugaji, na ulikuwepo kweli. Lakini maji na malisho tumeyagombania na kupatana tangu enzi za babu zetu. Kilichokuwa kipya mwaka ule ni viti. Uchaguzi wa Machi 4, 2013 ulikuwa ukituletea kwa mara ya kwanza chini ya katiba mpya gavana, seneta na bunge la kaunti, na kila jamii ilikuwa imeanza kujihesabu. Sitaandika hapa nani alianza. Waliozika wangali hai pande zote mbili, na watasoma barua hii.

Sasa tazameni hivyo vyama tunavyovalia fulana. Mwaka 2022 Pwani iligawanyika: Mombasa, Kilifi na sisi Tana River tulipata magavana wa ODM, Kwale ikaenda UDA, Lamu ikachukua ANC, na Taita Taveta wakamchagua mgombea huru. Vijijini kwetu watu walinuniana kwa ajili ya rangi hizo, wengine hawakualikana harusini. Kisha Machi 7, 2025, Rais Ruto na hayati Raila Odinga wakatia saini mkataba wa UDA na ODM kufanya kazi pamoja. ANC nayo ilikuwa imeshajiunga na UDA. Kabla ya hapo, Machi 9, 2018, tuliona Uhuru na Raila wakishikana mikono baada ya nchi kulia. Wakubwa hupatana wakapigwa picha, na hakuna anayeteremka hadi Tarasaa au Wayu kuwapatanisha wale waliogombana kwa niaba yao. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Chama ni msala upitao. Mbachao ni jirani yako ng'ambo ya shamba.

Sisemi msiwe na vyama. Kijana asiye na msimamo hunihuzunisha kuliko mwenye msimamo nisioupenda. Ninachosema ni kwamba kwa kiti cha wadi, swali la chama lije mwisho, na la kwanza liwe la malka.

Malka mnazijua, lakini naandika kwa ajili ya waliokulia Mombasa na Nairobi. Ni njia za mifugo kuteremkia mtoni, zikipita katikati ya mashamba yetu. Kiangazi kikikaza, ng'ombe huja si wa hapa tu, bali hata wa kutoka Garissa na Wajir. Mkulima akilima hadi katikati ya malka, mfugaji hana pa kupita. Mfugaji akiwaachia ng'ombe nje ya malka, mahindi ya mwaka mzima huliwa asubuhi moja. Zamani Gasa, baraza letu la wazee wa Kipokomo, ilikaa na Matadeda, baraza la wazee wa Kiorma, wakaenda kwa miguu hadi mahali penyewe, wakaonyeshana mpaka. Siku hizi mto wenyewe umehama mahali pengi kwa mafuriko, mashamba yamesogea, na malka nyingine zimebaki kwenye vichwa vya wazee tu. Wazee hao wanakufa.

Hapa ndipo mwakilishi wadi ana kazi. Wengi wanadhani kazi yake ni kujenga barabara, kulipa karo na kuchangia mazishi, kisha wanamlaumu akiishiwa. Kisheria kazi yake ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti na kumkagua gavana. Mipango ya ardhi, upimaji na ramani ni mambo yaliyogatuliwa, na bunge la kaunti lililoko Hola linaweza kutenga fedha malka zipimwe, ziwekewe alama, ziingie kwenye ramani. Tena wakati wake ni mahususi. Mpango wa maendeleo wa kaunti, ule unaoitwa CIDP, ni wa miaka mitano, na huu wa sasa unaishia 2027. Watakaochaguliwa Agosti hiyo, mwaka wao wa kwanza ndio utakaoandika mpango utakaotushika hadi 2032. Malka isipokuwemo humo, kila mwaka tutaambiwa haiko kwenye mpango.

Kwa hiyo msiombe fulana. Katika kila wadi waiteni wagombea wote mahali pamoja, wa vyama vyote na walio huru, mbele ya wakulima na wafugaji. Waulizwe malka za wadi hii ni zipi, zitajwe kwa majina. Waulizwe watapigania nini kwenye mpango mpya, majibu yaandikwe na watie saini. Asiyezijua malka za wadi yake hajui anachoombea kura.

Kuna jambo jingine, na wazee wenzangu watanikasirikia. Kwetu tumezoea wazee kukaa na kugawana viti: ukoo huu mara hii, ukoo ule mara ijayo. Mpango huo umetuepushia damu, nausifu kwa hilo. Lakini ukoo mdogo haufikiwi na zamu. Mwanamke hafikiwi kabisa, ingawa ndiye anayekwenda mtoni kila siku, na ndiye aliyezikwa kwa wingi Riketa. Jina likitangazwa, mnayo haki ya kuuliza kwa heshima: nani alikuwa kikaoni, na kwa nini huyu? Mkikosa jibu, katiba inamruhusu mtu kugombea bila chama, mradi awe amejitoa chamani angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi.

Kuhusu pesa nitasema kwa ufupi. Anayekusanya vitambulisho vyenu "avihifadhi" hadi siku ya kura anawafunga mikono. Msimpe, hata akiwa mjomba.

Ambao hamjajiandikisha, Tume ya Uchaguzi inasajili kwenye ofisi za maeneo bunge yetu matatu, Garsen, Galole na Bura. Nendeni mkichanganyika, pikipiki moja Mpokomo na Mworma, msingojee msongamano wa dakika za mwisho.

Na wadi itakayokuwa tayari kuandaa kikao hicho cha wagombea, tumeni habari kwa Gasa na kwa Matadeda siku moja, kusiwe na upande uliosikia kwanza. Msikiweke Ijumaa mchana wala Jumapili asubuhi. Kifanyieni mahali ambapo ng'ombe na jembe vyote hufika, ikiwezekana kwenye malka yenyewe, na mje na mtu mwenye mwandiko mzuri.

Mzee wenu,
Garsen