Barua ya wazi: lipieni na kazi ya kupatana

Kwa Mkurugenzi wa mfuko unaofadhili utafiti wa sayansi

Ndugu Mkurugenzi,

Fomu zenu za maombi huuliza mradi utaunda kitu gani kipya. Ni swali la haki. Ila kazi inayofanya programu huria za sayansi ziendelee kuelewana haina mahali pa kuandikwa kwenye fomu hizo, na wanaoifanya huifanya usiku, baada ya ajira zao.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watumiaji wa lugha ya programu ya Python walikuwa na maktaba mbili (yaani mikusanyo ya msimbo ulio tayari kutumika) za hesabu za safu za namba: Numeric na Numarray. Kilichoandikwa kwa moja hakikukaa vizuri na nyingine, na jumuiya ikagawanyika. Mtaalamu wa programu Travis Oliphant akaziunganisha kuwa maktaba moja, NumPy, na mwaka 2006 likatoka toleo lake 1.0. Leo maktaba nyingine za sayansi kama SciPy, pandas na scikit-learn zote zimejengwa juu yake, na NumPy ilitumika hata kuandaa picha ya kwanza ya shimo jeusi, iliyotangazwa Aprili 2019.

Msingi wa pamoja una gharama yake. NumPy 2.0 ilipotoka Juni 2024, maktaba ambazo msimbo wake ulikuwa umekusanywa (compiled) kwa toleo la zamani zililazimika kukusanywa upya. Mabadiliko ya aina hiyo hayavukwi bila watunzaji wa miradi mingi kuzungumza mapema.

Ndiyo maana miradi kadhaa imeandika mapendekezo ya pamoja yaitwayo SPEC (Scientific Python Ecosystem Coordination). La kwanza, SPEC 0, linasema miradi iache kuhudumia toleo la Python miaka 3 baada ya kutolewa, na matoleo ya maktaba za msingi baada ya miaka 2. Hakuna anayelazimishwa kulifuata. Pasipo makubaliano hayo, maktaba moja hudai toleo jipya wakati nyingine imekwama kwenye la zamani, na mtafiti anayezihitaji zote mbili hawezi kuzisakinisha pamoja.

Sikuombi mfuko uandike viwango. Vikitoka juu havitafuatwa, maana wanaojua panapouma ni watunzaji wenyewe. Naomba duru ijayo ipokee maombi ya miradi kadhaa kwa pamoja, ilipie muda wa watu wa kujadiliana, kisha ilipie pia miezi ya kurekebisha msimbo baada ya kukubaliana. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika, nayo ndiyo ndefu kuliko zote.

Wako,
Mtunzaji wa programu huria ya sayansi