Ndoo ya bibi

Rafiki yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo! Sisi huku hatujambo, ila mvua imetukamata kweli.

Uliniuliza mbona siku hizi sionekani kwenye mazoezi ya kwaya Jumamosi. Sijagombana na mtu. Nakuwa kwa bibi mmoja kule bondeni, nyuma ya mashine ya kusaga.

Kwaresima iliyopita jumuiya yetu ilimpelekea sukari, unga na sabuni ya mche. Tukaimba, tukasali, tukapiga picha naye kashika mche wa sabuni kama kombe la mpira, tukaondoka. Mimi nikasahau mwavuli. Niliporudi nikamkuta kainama juu ya ndoo, kata inakwaruza chini. Akasema, "Sukari mmeniletea, mwanangu. Maji ya chai nitayafuata kwa miguu ya nani?"

Aibu niliyoipata siwezi kuieleza. Tuliingia mle watu kumi na wanne, hakuna aliyechungulia ndoo. Na Mathayo 25 tunaijua kwa moyo, "nalikuwa na kiu mkaninywesha"!

Sasa tuko watatu, tunakwenda kwake kwa zamu, yangu ni Jumamosi. Mwenyekiti alitaka iundwe kamati kwanza. Nikamwambia, Matendo sura ya 6 Mitume waliita mkutano mmoja tu, wakapatikana wale saba wa kuwahudumia wajane. Alicheka, yakaisha.

Kazi yenyewe hasa ni miguu. Unakumbuka Papa Fransisko aliporuhusu rasmi wanawake nao waoshwe miguu Alhamisi Kuu, 2016, nawe ukachaguliwa miongoni mwa wale kumi na wawili? Ulisugua visigino kwa jiwe siku tatu, ukapaka mafuta. Padre akaosha miguu iliyokwisha kuoshwa! Ya bibi haikujiandaa. Visigino vimepasuka hadi vinanasa kwenye kanga, kucha zimejikunja kama za kuku. Alikataa nisimguse, kama Petro alipomkatalia Yesu asimwoshe miguu, mpaka nilipomwambia maji yanapoa. Nikailoweka kwenye beseni, maji ya vuguvugu na chumvi kidogo. Siku ile ya kwanza harufu ilinishinda. Nikasingizia namwaga maji, nikasimama uani navuta pumzi. Nakwambia wewe tu, kwenye jumuiya sijasema.

Wala usidhani ni mpole. Nikichelewa ananisema hadi majirani wanasikia, na chai yangu anaiita maji ya kuoshea vikombe. Kuna Jumamosi natoka pale nimenuna, nasali rozari njiani kwa hasira. Lakini Jumamosi inayofuata nakwenda tena, na akisikia tu hatua zangu anaanza kukunja kanga magotini kabla sijabisha hodi.

Ukija Desemba niletee mkasi wa kucha, ule mgumu wa kucha nene. Natumia wembe, mkono unanitetemeka, naye ananicheka.

Msalimie shemeji na watoto.

Ni mimi, rafikiyo.